Amplifaya Isiyopinda

Kwa miaka minne nilihangaika na ugonjwa mmoja ambao wageni wa hoteli za Diani waliuita "televisheni imeharibika". Televisheni haikuwa na kosa. Hoteli nyingi bado zina mtambo wa zamani: juu ya paa kuna madishi, chini kuna vyumba, na katikati kuna kisanduku cha kukuza mawimbi, amplifaya, kinachosukuma chaneli zote kwenye waya mmoja. Kisanduku kizuri hutoa kile kile kilichoingia, kikubwa zaidi tu. Kibaya hukipinda, na chaneli zikishapindwa huingiliana. Mgeni anatazama mpira huku kivuli cha mhubiri kinapita uwanjani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa, fundi wa Ukunda, mwanamke na bisibisi yake, na meneja akinitazama kana kwamba mhubiri huyo nimemleta mimi.

Dawa inayojulikana ni kuchukua sehemu ndogo ya kinachotoka na kuirudisha mwanzo, ili amplifaya ijione ilipokosea na ijirekebishe. Kwenye spika za harusini dawa hiyo inatosha. Lakini mawimbi ya televisheni yana kasi mno. Hata waya wa urefu wa kidole unayachelewesha, marekebisho yanafika wakati kosa jingine limekwisha kuanza, na ugonjwa unazidi. Vitabu vilisema fupisha njia. Havikusema kwamba kwenye joto letu transista mbili zinazofanya kazi pamoja, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, hupata moto kwa viwango tofauti na kuacha kulingana. Hilo niligundua mwenyewe, Ukunda, chini ya bati. Nilizilaza zote mbili juu ya kipande kimoja cha shaba zipate joto sawasawa, kisha nikaikunja saketi mpaka sehemu ya kutokea ikakaa juu ya sehemu ya kuingilia, na njia ya kurudi ikawa fupi kama punje ya mchele. Picha zikatakata. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa mwalimu wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha umeme katika chuo cha ufundi, na nyumba yake Msambweni inapakana na ya mama. Baba alipofariki niliacha chuo kabla ya mtihani wa mwisho, kwa hiyo cheti sina. Sasa mwalimu alikuwa karibu kustaafu, na chuo kilitafuta mtu wa kuishika karakana yake.

"Nafasi hiyo ni yako, mwanangu," aliniambia. "Cheti huna, lakini kazi kama hii ni zaidi ya cheti. Niachie niisome. Nitakusemea kwa bodi."

Nilimwachia kisanduku pamoja na daftari la michoro. Kwetu mtu haombi kuandikiana mkataba na mwalimu wake.

Jambo moja nilimficha. Saketi ile niliimalizia mwezi wa Ramadhani, karibu na kufuturu, kichwa kitupu, nikachomea kapasita moja miguu yote miwili kwenye waya wa ardhi. Kapasita ya namna hiyo haifanyi kazi yoyote, imekaa tu. Nilikuja kuliona kosa baada ya Idi, na nikaona uvivu kuitoa. Mwalimu alipoigusa kwa ncha ya kalamu akauliza, "Na hii ya nini?" niliona aibu kumwambia.

"Ya kutuliza, mwalimu," nikasema. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika.

Wiki chache baadaye alinipigia simu nipeleke chuoni televisheni mbili na nyaya, kwani bodi inakuja kuona kazi. Mama alinipigia pasi buibui kwa mkono wake, akaninyunyizia marashi, na kabla sijatoka mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba binti yake anakwenda kuwa mwalimu. Nilifika mapema, nikaunganisha nyaya zote isipokuwa za kisanduku, ambacho mwalimu alisema atakileta mwenyewe, nikaketi mstari wa mbele nikingoja kuitwa.

Mwalimu alisimama kando ya kisanduku. Kilikuwa kipya, kimepakwa rangi, na ndani yake mlikuwa na saketi yangu imenakiliwa mguu kwa mguu.

"Hii," alisema, "ni kazi yangu ya miaka minne."

Hata miaka aliichukua. Nilidhani ulimi umeteleza, nikangoja ajisahihishe. Akaeleza shaba, akaeleza joto, akaeleza njia fupi, kwa maneno yangu yaliyomo daftarini. Halafu kalamu yake ikatua pale pale kwenye kapasita.

"Na hii ndiyo siri yenyewe. Inatuliza. Bila ya hii, picha zote zingevurugika."

Damu ilinipanda kichwani. Angeiba maarifa yangu peke yake, labda heshima ingenifunga mdomo. Kumbe aliiba hata ujinga wangu wa swaumu, akaupamba. Nikasimama.

"Mwalimu, ukiikata hiyo itakuwaje?"

"Picha itakufa, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilikwenda mezani, nikachukua koleo, nikaikata mbele ya watu wote. Picha haikutikisika hata kidogo. Ukumbi ukanyamaza, na mimi nikanyamaza nao, nikidhani kimya kile kimekwisha kunisemea. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwalimu alicheka. Akaniwekea mkono begani, akawageukia wageni. "Mmeona? Huyu ni mwanafunzi wangu. Hivi ndivyo ninavyowafundisha: usimwamini mtu, hata mimi, mpaka ujaribu kwa mkono wako."

Walipiga makofi. Mama mmoja wa bodi alisema mtu kama huyu haachiwi kustaafu. Nikasema, "Saketi ni yangu," lakini makofi yaliimeza sauti, na mzee aliyekuwa karibu aliyenisikia alitabasamu akasema, "Bila shaka, binti. Ni yenu nyote."

Mwalimu alinifuata nje, penye bomba la maji.

"Usinune. Ungesimama wewe, swali la kwanza lingekuwa cheti. Mimi wataniongezea muda, na vibarua vya karakana nitakuita wewe."

Nilimwita mwivi, kwa sauti, wanafunzi wakigeuka kututazama. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na ni huruma ile inayonichoma zaidi ya wizi wenyewe, kwa sababu kuhusu cheti nadhani alisema kweli.

Mama hakuniamini. Alisema labda sikuelewa, kwamba mtu aliyenilipia nauli ya chuo hawezi kunifanyia hivyo. Sikubishana naye. Lakini tangu siku ile nimeacha kumpa mwalimu shikamoo yake. Nikimkuta ameketi kwa mama anakunywa kahawa, namwambia "Habari," kama ninavyomwambia muuza mkaa, nikimtazama usoni ili ajue kwamba ninajua. Mama hunikata jicho. Mwalimu huweka kikombe chini, huinua mkono kwa upole, na kila mara hunijibu:

"Marahaba, mwanangu."