Mgojwa Bila N

Mume wangu aliandika programu za maabara za hospitali kwa miaka ishirini na sita, na kosa lake linalojulikana ni la herufi moja. Alipokuwa hai hakuna aliyemcheka. Aliyemcheka alisubiri azikwe.

Amri ya kutafuta rekodi ya mgonjwa aliiita tafuta_mgojwa, kwa sababu kibodi ya wakati ule ilikuwa na n iliyokwama. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilipoliona kosa lile nilimsema wiki nzima. Akanieleza kwamba maabara kumi na moja tayari zinaiita amri kwa jina hilohilo, na akilisahihisha leo, kesho zote zitalala. Kwa hiyo akaandika amri mpya, bora zaidi, yenye jina sahihi. Ile ya zamani akaiacha mlangoni, kazi yake kumpokea anayebisha na kumpeleka kwa mpya. Hakuna maabara iliyojua kwamba kuna kilichobadilika. Hata nyumbani alikuwa hivyo: alipoweka kitasa kipya, alihakikisha ufunguo aliokuwa nao mama yake bado unafungua.

Miezi mitatu baada ya mazishi akaja mkuu mpya wa kitengo alichofanyia kazi mume wangu, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Usafi. Katika mkutano wake wa kwanza aliionyesha amri ile ukutani, kubwa, kila mtu aione. Binti yangu, anayefanya kazi palepale, alikaa mstari wa pili.

"Marehemu alijitahidi," akasema Bwana Usafi, "ila mgonjwa alimshinda kuandika."

Watu wakacheka. Ijumaa hiyohiyo jioni akaifuta, na nakala za zamani akazisafisha pia. Alikuwa ametazama programu za makao makuu tu, akaona hakuna inayoiita. Maabara za nje hakuziuliza.

Jumatatu asubuhi zote kumi na moja zilinyamaza. Chupa za damu zikakaa kwenye trei bila wenyewe. Saa nne Bwana Usafi alikuwa sebuleni kwangu, akiomba daftari ambamo mume wangu alinakili amri zake. Chai sikumpa. Nilitamani kumkalisha pale hadi jioni, jasho limtoke vizuri, lakini damu zile zilikuwa za watu, na mume wangu asingenisamehe.

Daftari nilimpa binti yangu, aliyekuja naye, si yeye.

"Irudishe amri ya baba yako," nikamwambia, "na kila ikiitwa itoe onyo. Maneno nitakupa mimi."

"Amri za zamani huwekewa onyo, mama, ni kawaida," Bwana Usafi akadakia. "Andikeni mnavyotaka."

Kabla ya saa sita maabara zilikuwa kazini. Kwenye skrini ya kitengo, kila amri ile inapoitwa, husomeka hivi: Jina hili lina kosa la herufi, na aliyeliandika alijua. Alilitunza ili msikwame. Lilifutwa na mkuu wa sasa, ambaye tahajia yake ni nzuri.

Huitwa mara elfu nne kwa siku. Bwana Usafi anaogopa kuligusa onyo hilo mwenyewe, kwa hiyo ametuma watu wawili waniombe nilegeze. Nimewajibu kwamba onyo litaondoka siku atakaposimama mbele ya mkutano uleule na kusema nani alikosea. Tangu hapo hajaitisha mkutano.