Walifuta Uso, Wakaacha Mikono

Mama yangu hakuwahi kusema kwamba alichokuwa akifanya ni kuchora. Kila baada ya mavuno alisiliba upya ukuta wa jikoni, kisha akachukua majivu na udongo mwekundu wa korongoni, akapitisha kidole kutoka kona hadi kona, mawimbi juu, pembetatu chini. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua na ukuta ambao mvua ingeuosha.

"Sasa unataka nipikie kwa ukuta uko uchi?" akasema.

Nilitafuna ncha ya kipande cha mkonge mpaka ikawa nyuzi, nikachovya, nikamfuata nyuma. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ninayoifanya hadi leo. Wanaonunua picha zangu wakitaka kujua nilisomea wapi, huwa nawaambia jikoni, nao hucheka wakidhani natania.

Kwetu ni chini ya milima ya Kilungu, upande unaoteremkia Sultan Hamud, ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Baba alienda Mombasa kutafuta kazi akapata na mke mwingine. Mama akaanza kupika kaluvu, ile pombe yetu ya asali na mvungunya, ili tule. Kanisa likamtenga. Jina lake lilisomwa mbele ya watu Jumapili, nikiwa nimekaa kando yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga mle ndani tena. Lakini nyimbo za kanisa hakuziacha. Aliziimba akichuja pombe, zote, na beti zake zote.

Alipokufa, pasta wa wakati huo alikataa kuja kumzika. Mama mdogo, ndugu yake wa pekee, ndiye aliyeomba kaburini. Kitambulisho cha mama tulikirudisha kwa chifu tulipochukua kibali cha mazishi, na picha nyingine hatukuwa nayo. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na kamera, na mama hakuwa mtu wa kwenda studio.

Miaka ikapita. Kanisa likajengwa upya kwa mawe, na pasta mpya, kijana mwenye adabu, akanipigia simu. Alitaka ukuta wa nyuma ya mimbari uchorwe mwanamke Msamaria akiteka maji kisimani. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Sikutaka kisima cha mawe kama kile cha vitabu vya shule ya Jumapili. Nilichora mto wetu, shimo lililochimbwa mchangani, na mwanamke aliyepiga magoti akichota kwa kata ya kibuyu. Nilimpa mikono ya mama, na kile kidole kidogo kilichopindwa na jembe. Uso nilikuwa sijauwaza. Ulikuja wenyewe asubuhi moja nikichanganya kahawia: macho yake yaliyokuwa kama yanataka kukujibu vibaya, na mdomo umefungwa usijibu. Nilishuka kwenye ngazi nikakaa kwenye benchi la mbele, nikamtazama mpaka wanawake wa kufagia wakaja.

Nilipiga picha moja tu kwa simu, kutoka mlangoni, nikitaka ukuta wote uingie. Dirisha lilikuwa likimulika na uso ukatoka doa jeupe tu. Nikajiambia nitarudi jioni.

Jioni niliwakuta wazee wa kanisa wamesimama chini ya picha, pasta akiwa katikati yao.

"Huyu ni mama yako," mmoja akasema. Alikuwa mtu wa rika la mama, jirani yetu wa ng'ambo ya mto.

"Ni yeye, mzee."

"Tulikuambia uchore mwanamke wa Biblia, si mama ya mtu."

"Na huyo wa Biblia alikuwa na waume watano, mzee. Mama alikuwa na mmoja, na ndiye aliyemwacha."

Pasta aliinamisha kichwa. Nilimsubiri aseme kitu. Alichosema ni, "Dada, badilisha tu uso. Hayo mengine yote yako sawa kabisa."

Nilikataa. Nilikusanya brashi zangu nikatoka bila kuaga. Nilidhani wangepiga rangi ukuta mzima, na kwa kweli ningependa wangefanya hivyo. Badala yake walimwita mchoraji wa mabango kutoka Sultan Hamud. Alimwekea uso mweupe, pua nyembamba, na nywele ndefu za kuanguka mabegani. Kuanzia shingoni kushuka akamwacha mama jinsi alivyokuwa.

Mama mdogo husali mle. Nilipomlilia alinishika mkono.

"Nyamaza," akasema. "Angalau mikono yake imeingia kanisani."

Alikuwa akinifariji. Mimi nilisikia uchungu zaidi kuliko siku ile ya wazee. Mikono hiyo ndiyo iliyochuja pombe. Kama kulikuwa na dhambi, ilikuwa mikononi. Uso haukumkosea mtu yeyote.

Mwaka huu binti ya mama mdogo alifunga ndoa katika kanisa lilo hilo, nikaenda. Bibi na bwana harusi walipigwa picha mbele ya ukuta wangu. Pasta alichukua kipaza sauti, akawaambia wageni waliotoka mbali kwamba mchoro ule ni kazi ya kijana wetu wa Sultan Hamud, apigiwe makofi. Watu wakapiga. Mama mdogo alinitazama kutoka upande wa pili, akatikisa kichwa kidogo, nami nikakaa kimya kwa sababu ilikuwa siku ya mtoto wake. Nilikula pilau, nikatoa zawadi yangu, nikarudi nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kumchora tena. Nimejaribu kwa mkaa, kwa rangi ya mafuta, hata kwa majivu na udongo mwekundu. Macho yanakaribia, kisha mdomo unaharibika. Nikirekebisha mdomo, macho yanapoa. Juzi nilidhani nimempata. Nilirudi nyuma kidogo nitazame vizuri, nikaona nimemchora mama mdogo.