Flashi Inapiga Mara Mbili

Nimepiga picha za sherehe hapa Lubumbashi kwa miaka mingi kiasi cha kujiona bingwa, na kujiona bingwa ni ugonjwa wangu wa kudumu. Kwenye kumbi za hoteli ya Karavia, zenye dari za juu na nyeupe, nilikuwa nafunga flashi juu ya kamera, naigeuza itazame dari, na mwanga unawashukia wageni taratibu, wanapendeza hata waliokuja wamenuna. Nikimwona mwenzangu anamlenga bibi harusi flashi usoni moja kwa moja, paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, nilikuwa nasonya kwa sauti ili anisikie.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyenishinda, naye ni mama yangu mzazi. Katika kila picha niliyompiga ndani ya nyumba, amefumba macho. Ubatizo, komunyo ya kwanza, Noeli: mjukuu yuko mapajani, kilemba kimekaa sawasawa, na macho yamefungwa. Kaka zangu waliipa albamu yetu jina la "Mama Analala", na yeye alicheka pamoja nao. Mimi sikucheka, nilimgombeza. Nilimwambia ahesabu mpaka tatu. Nilimwambia afumbe kwanza, kisha afumbue nikisema tatu. Nilimwambia atazame sikio langu badala ya kamera. Wapi! Kila mara alinipa jibu lile lile.

"Flash yako inapigaka mara mbili. Ya kwanza inanishitua, ya pili inanikuta nimefunga."

"Maman, inapigaka mara moja tu. Photographe ni miye."

Ndipo ikafika jubilei yao, miaka hamsini ya ndoa. Asubuhi ilikuwa misa, kisha chakula nyumbani kwao, mtaa wa Hewa Bora. Nilikuwa nafungua mifuko yangu sebuleni, mama akapita akiwa amejifunga aproni juu ya kitenge kipya cha sherehe.

"Upige baba yako na bageni," akasema. "Miye niko na kazi mu cuisine."

Alisema polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Nikakumbuka kwamba siku za karibuni, kila nikiinua kamera, yeye hupata sahani ya kurudisha jikoni. Sasa hata siku hii angejificha, na albamu ya jubilei ingekuwa na bwana harusi peke yake. Nilikasirika sana.

Kazi ilianza vibaya. Baba, ambaye ni mstaafu wa reli na haachi kitu kitupwe, aliwahi kupaka dari ya sebule rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti. Nikaelekeza flashi juu kama nilivyozoea, nikampiga shangazi aliyetoka Lukafu na gunia la maharage na kuku wawili. Akaomba aone. Akaitazama ile sura ya kijani kibichi, akajishika shavu.

"Aah! Miye niko mugonjwa?"

Basi ikabidi niitoe flashi kwenye kamera. Niliisimamisha juu ya stendi kando ya dirisha, nikafungua mwavuli mweupe mbele yake ili kulainisha mwanga, na kuiamrisha kwa mbali kwa kidude nilichoazima. Kidude chenyewe kilikuwa cha bei rahisi. Hakikujua kupima mwanga, kilijua kuiambia flashi iwake, basi. Nguvu ya mwanga ilibidi niipange mwenyewe kwa mkono, nijaribu, nipunguze, nijaribu tena, kama mtu anayetia chumvi kwenye sombe ya majani ya muhogo.

Wakati huo mama alikuwa anapita na sahani ya bukari, ugali wetu. Alifika mahali nilipokuwa napimia, nami nikabonyeza bila kufikiri. Nikatazama kioo cha kamera nione mwanga umekaaje. Mama alikuwa ananitazama kwa macho yote mawili, wazi, amekereka kidogo, mzuri ajabu.

Nilidhani ni bahati. "Maman, simama apo apo." Nikapiga tena: wazi. Mara ya tatu: wazi. Nikairudisha flashi juu ya kamera na kuiacha ijipime yenyewe kama siku zote: amefumba. Nikaipeleka tena dirishani: wazi.

"Bukari inapoa," mama akasema.

Ndipo nikakumbuka jambo ninalolijua tangu nianze kazi hii. Flashi ikiachwa ijipime, hutupa kwanza mwanga mdogo wa kupimia chumba, kisha ndio hutupa ule mkubwa. Miwili hiyo hufuatana upesi mno hata watu wengi huona mmoja tu. Ukiipanga kwa mkono, hupiga mara moja. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwenye kope nyepesi kiasi cha kuuwahi ule wa kwanza. Mama alikuwa ameniambia miaka yote, wazi kabisa, nami nikamjibu kama mjinga.

Nikaweka kamera mezani, nikapiga goti mbele yake, wageni wote wanatazama.

"Maman, pardon. Haikuwa weye. Ilikuwa miye."

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia toka siku unanunua ile flash."

"Karibu mu kikundi," baba akadakia kutoka kitini kwake. "Miye niko naomba pardon miaka makumi tano."

Nyumba nzima ikacheka. Mama akatua sahani, akajifuta mikono, akaomba kamera. Aliishika mbali kidogo kwa sababu hakuwa na miwani, akajitazama muda mrefu mpaka kicheko kikaisha.

"Album yote ile," akasema, "nilikuwa nacheka na kaka zako, lakini ilikuwa inaniuma. Siku sitakuwako, batoto babo bataiangaria. Bataona nkambo yabo, miye huyu, alifungaka macho. Batasema hakukuwa anabaangaria. Na miye nilikuwa nabaangaria siku zote."

Akavua aproni, akaketi kando ya baba, akaamuru wajukuu waletwe mmoja mmoja, kuanzia mkubwa mpaka yule mchanga aliyekuwa amesinzia. Wote kumi na mmoja. Bukari ikapoa kweli, na shangazi wa Lukafu akaanza kula bila kungoja mtu.

Nilimwambia kila mtoto atazame kwangu, nao wakatazama. Mama sikumwambia kitu. Katika picha zote kumi na moja hakuitazama kamera hata mara moja: anamwangalia mjukuu aliye mapajani mwake.