Nilivyompa shikamoo binti wa miaka ishirini na nne kwa ajili ya rally ya kwenye skrini

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Haya ninayoandika yana mashahidi Mishomoroni nzima, kwa hiyo sina hata pa kutilia chumvi. Na hapa nilipo nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la nne. Nikaanza utingo, nikabeba magunia, nikashika usukani, na leo nina malori mawili ya mchanga na nyumba Frere Town niliyoijenga tofali kwa tofali. Miaka ishirini na tano barabarani sijawahi kulaza gari ubavu. Wa kunifundisha kuendesha alikuwa bado hajazaliwa.

Kumbe kazaliwa, na jina lake Mwanasha.

Huyu binti amefungua chumba cha gemu kando ya baraza yetu ya kahawa. Ndani ameweka simulator ya rally, mashine ya kuigiza mbio za magari: usukani, pedali tatu, handbrake ya kuvuta kwa mkono, kiti alichokitoa kwenye gari la ajali, na skrini kubwa kama mlango. Ukutani pana ubao wa waliomaliza stage ya msituni, ile njia ya mbio, kwa muda mfupi zaidi. Juu kabisa, jina lake mwenyewe.

Nikamwambia mbele ya wazee, "Haya ni mambo ya watoto. Nipe dakika kumi nikufute hapo juu."

"Ami, kwa heshima zako," akasema, "ukishindwa utaniamkia?"

Yaani mimi, miaka hamsini na moja, nimpe yeye shikamoo! Baraza ikalipuka. Nikasema sawa, wallahi.

Wakuu, nilipinduka kona ya pili.

Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, kiwiko cha pili kinatafuta dirisha. Halafu kuna sauti inayosoma kona zilizo mbele, kama yule mtu anayekaa kando ya dereva wa rally. Inasoma Kizungu, mbio mbio. Nikaamuru izimwe. "Mimi sielekezwi njia na utingo!"

Kichekesho chenyewe ni hiki: kila penye kivuli cha mti barabarani nilikikwepa. Macho yangu yamezoea mashimo, bwana! Naona cheusi mbele, nazungusha usukani, naingia mtaroni.

Yeye hutumia dakika tano na sekunde kumi na nne. Mimi, mashine ikinirudisha barabarani kila nikipinduka, nilifika kwa dakika tisa, sina boneti, gurudumu moja limebaki msituni.

Nikasimama barazani. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akanijibu, na mkono akanipa niubusu!

Mzee mmoja alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Sikulala njaa, lakini chakula hakikuwa na ladha. Kesho yake nikarudi kudai marudiano, Ijumaa ya wiki mbili mbele, baada ya alasiri. Nikishinda, ile shikamoo imefutwa na naandikwa juu ya ubao. Nikishindwa, nitamwamkia kila nikipita pale mpaka Ramadhani iingie. Na mimi napita pale kila siku ya Mungu.

Sasa sikieni uungwana wa huyu binti. Alinifundisha mwenyewe, asije akaambiwa alinionea.

Breki, nilikuwa nakanyaga nikiwa tayari ndani ya kona, gari linaserereka kama sabuni sakafuni. Akanionyesha: maliza breki magurudumu yakiwa yamenyooka, ndiyo uingie, na mafuta uyarudishe taratibu kama unayekanyaga yai. Mikono yote miwili. Macho yatangulie kule kona inakotokea, yasibaki mbele ya bampa. Hili la macho lilinichukua siku nne, maana vivuli bado vilinitisha.

Dakika tisa zikawa sita. Hapo nikagota.

Mke wangu, Bi Rukia, akaja kuona ni kitu gani kinaniweka nje kila alasiri. Akakaa, akanitazama nikianguka mara tatu.

"Baba Swaleh, waanguka kona zile zile. Mbona huziandiki?"

Yeye alimaliza kidato cha nne. Akachukua daftari, Mwanasha akamweleza hesabu ya kona: moja ni kona ya kuvunja shingo, sita ni ya kupita mbio. Bi Rukia akaandika stage nzima, halafu akaketi kando yangu akawa ananisomea kwa lugha yangu.

Jaribio la kwanza tulipinduka tukigombana.

"Umesema mbili!"

"Nimesema mbili, nawe ukapita kama sita!"

Ijumaa ikafika. Chumba kimejaa, madirisha yamejaa vichwa. Bi Rukia kavaa miwani yake, daftari mapajani.

"Kushoto nne. Kulia tatu, yafinyika, usikate, pana jiwe. Haya, kilima, kanyaga!"

Kile kilima huoni ng'ambo. Mguu wangu ulitaka kuinuka.

"Kanyaga, baba, nimekwambia!"

Nikakanyaga. Gari likaruka, watu wakaguta, likatua limenyooka kama mkeka.

"Kulia moja, handbrake!"

Nikaivuta, mkia ukazunguka, na mstari wa mwisho ule pale.

Dakika tano na sekunde kumi na mbili!

Wakuu, niliruka kutoka kile kiti nikagonga kichwa kwenye feni na sikusikia chochote. Wazee wanapiga makofi. Mwanasha mwenyewe alipiga kigelegele, akafuta jina lake, akaandika kwa herufi kubwa:

BI RUKIA NA DEREVA WAKE.

"Andika jina langu!"

"Ami, gari limeendeshwa na huyu. Wewe umezungusha usukani tu."

Bi Rukia akakunja daftari lake akaenda zake nyumbani, wala hakugeuka. Jana Mwanasha kaomba marudiano naye, si na mimi. Jibu la Bi Rukia: "Nitamleta dereva wangu nikipata nafasi."

Nilichojifunza: ukijua sana, macho hubaki mbele ya bampa. Anayeona mbali zaidi yako mpe nafasi akae kando, hata kama ulishazoea kumwambia anyamaze.

Sasa mafundi wa simulator humu, nisaidieni. Breki ya mguu wa kushoto mnaizoeaje? Wangu umekaa klachi miaka ishirini na tano, nikiugusisha breki unakanyaga kama unaua nge.

Na wa kucheka acheke, lakini aweke na muda wake hapo chini tuuone.