Tulipofungiwa Dukani Alasiri

Mwezi uliopita kazi ilinitoa Jeddah, ninakoishi sasa, ikanipeleka Riyadh kwa mikutano kule Olaya. Mikutano ilipokwisha nikapanda treni ya mjini mpaka masoko ya zamani ya Al-Dirah, kwa kisingizio cha kununua udi. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia maduka yakifungwa. Ikaadhiniwa alasiri, nikasimama pembeni kusubiri, na hakuna mlango hata mmoja ulioshuka. Wauzaji waliendelea kupima vitambaa na redio zikaendelea kuimba. Nilijua kwamba siku hizi maduka hayalazimiki kufunga wakati wa sala, na Jeddah nimeshazoea. Lakini pale Al-Dirah, ndugu yangu, nilitaka kulia.

Ngoja nikueleze. Nimekulia Riyadh, mtaa wa Al-Shumaisi. Wazazi wangu ni watu wa Unguja. Mama alikuwa muuguzi, Baba fundi wa mitambo ya hospitali. Nyumba yetu ilinukia samli na iliki. Asubuhi Baba alileta mkate wa tamis kutoka kwa waokaji wa Kiafghani waliokuwa chini ya jengo letu, wa moto, umeviringishwa kwenye gazeti, tukauchovya kwenye maharage. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchambua mchele kwenye sinia. Niliipenda kuliko michezo yote, na ole wake atakayenigusa nikiwa katikati.

Maana nikiguswa, au taa ikiwaka ghafla, au watu wakisema kwa pamoja, nilipiga kelele na kujibamiza ukutani mpaka jengo zima likajua. Majirani walisema nina deko. Mmoja alileta maji ya kusomewa. Nikayanywa kwa adabu, kisha nikapiga kelele vilevile. Neno usonji lilitufikia baadaye sana, kwa daktari, na mpaka leo nalitaja bila aibu. Wakati ule tulichokuwa nacho ni mwalimu mkuu aliyesema kwamba nikipiga kelele tena darasani, nitolewe skuli. Skuli nyingine ya kunipokea haikuwapo. Baba akaamua kwamba hilo likitokea nitapelekwa Unguja kwa bibi. Niliwasikia jikoni. Bibi nilimpenda, lakini Mama angebaki Riyadh, na hilo sikuweza kulifikiria mpaka mwisho.

Basi siku moja Mama alinipeleka Al-Dirah kununua kitambaa cha sare. Soko lilijaa, harufu za udi na nyama ya kuchoma zimechanganyika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuuma mkono wa baibui lake. Ikaadhiniwa alasiri. Milango ya bati ikaanza kushuka, huu baada ya ule, nikaziba masikio. Mzee wa Kiyemeni aliyekuwa akituuzia kitambaa alizima taa na feni, akasema, "Yalla, kaeni humu humu, narudi," akateremsha mlango na kuacha upenyo mdogo chini. Akaenda msikitini. Mama alinihadithia baadaye kwamba alisoma kila aya aliyoijua, akisubiri niubomoe ule ukimya.

Sikuubomoa. Niliingia kati ya majora ya vitambaa nikalaza shavu kwenye moja, la baridi, linanukia wanga. Kupitia ule upenyo niliona kandambili zikipita upesi, kisha hazikupita tena. Mji wote ulikuwa umenyamaza, na kifua changu kikanyamaza nao. Mzee aliporudi na kuinua mlango, nilitoka nikaomba juisi ya embe.

"Umependa nini mle ndani?" Mama aliniuliza tukiwa njiani.

"Pamefungwa," nikamwambia. "Na patafunguliwa."

Usiku ule Mama alitandika shuka kubwa ya kijani juu ya meza ya kulia mpaka ikagusa sakafu, akaniambia hilo ndilo duka langu. Nikifunga, hakuna wa kubisha hodi, hata Baba. Ila aliyefunga ndiye atakayefungua, na lazima afungue. Kisha akanifundisha lililokuwa gumu zaidi. "Maduka hayafungwi ghafla, mwanangu. Watu husikia adhana kwanza. Wewe kinachoanza ni nini?" Ilinichukua muda mrefu kulijua jibu, na Mama hakunihimiza. Masikio yangu hupata moto. Yakipata moto, bado nina nafasi.

Siku ya siku ikafika. Skuli walijaribu king'ora cha moto bila kututahadharisha. Masikio yakawaka. Nikamwambia mwalimu wetu, mama wa Kikenya aliyekuwa ameshaelezwa na Mama, "Mwalimu, nafunga," nikaingia chini ya dawati na sweta kichwani. Wenzangu walicheka sana. Mwalimu akawanyamazisha, akaendelea kufundisha. Nikatoka mwenyewe, nikamaliza hesabu zangu.

"Leo amejikaza kweli, mama," alimwambia Mama getini. "Hata mwalimu mkuu sikumwita."

Jioni ile Baba alirudi na tamis ya moto, naye hakuwa mtu wa kuinunua jioni. Alinimegea kipande cha katikati, kile laini. Habari ya kunipeleka Unguja haikuzungumzwa tena, na nilikaa na mama yangu mpaka nikawa mtu mzima. Kila nikikumbuka hilo hushukuru.

Ule ukimya wa mji mzima haupo tena, na wala simlaumu mtu. Wauzaji nao wana watoto wa kulisha. Nilisimama pale Al-Dirah kati ya redio na wapita njia, nikampigia Mama, ambaye sasa amestaafu, yuko kwao Unguja.

"Mama, hawafungi tena."

Nilimsikia akiweka sinia chini. "Masikio yana moto?"

"Yana moto."

"Basi funga. Ukishafungua, nipigie."