Sahani ya Baba Wakati wa Vita

Enzi zetu redio ilikuwa na heshima zake. Ilivalishwa kitambaa cha kudarizi, ikakaa juu ya kabati, na betri zikichoka Mama alizianika juani kando ya dagaa zipate nguvu kidogo. Mtoto kugusa swichi ilikuwa ni kujitafutia fimbo. Leo mjukuu wangu analala na simu chini ya mto, na chaji ikishuka analia kama kafiwa.

Tulikaa Nyakato, Musoma. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama yake alikuwa Mganda, na Baba alikulia Kampala, kwa hiyo Kiganda alikijua kabla ya Kiswahili. Vita na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa vilipoanza, bwana mmoja wa serikali akaleta redio kubwa yenye betri mpya, akaiweka chumba cha uani. Kazi ya Baba ikawa kusikiliza stesheni ya adui kila siku baada ya swala ya adhuhuri, kisha apande baiskeli akaeleze ofisini kilichosemwa. Bwana yule alimwambia mbele yetu, "Mzee, unayoyasikia humu yanaishia kwetu. Hata mama watoto asijue."

Sisi wasichana tulicheza rede uani kwa kunong'ona, jambo ambalo hamjawahi kuliona. Baba alijifunika blanketi yeye na redio yake, kwa joto lile la Musoma, ili sauti isitoke. Akimaliza anatoka shati limelowa, ananawa, anakula ugali wa mtama na samaki furu wa kuchemsha, ndipo anaondoka.

Hapo kwenye kula ndipo wanawake walipopata mwanya. Kaka yetu Hamisi alikuwa mstari wa mbele, kikosi kimoja na kijana wa jirani yetu, Mama Nyamburi. Baba haulizwi, na Mama hajui. Wakaanza kuisoma sahani. Mama akiitoa nje kuiosha, Mama Nyamburi alikuwa ameshafika kuomba chumvi. Sahani ikiwa tupu, huko vitani kwema. Ugali ukibaki, alirudi kwake bila hata kukumbuka chumvi yenyewe.

"Mama Hamisi, shemeji akimalizaga ugali, mimi nalalaga," alikuwa akisema. "Akibakizaga, nahesabu mabati mpaka asubuhi."

Sijui nani alimwambia Baba, lakini aligundua. Toka hapo hakubakiza hata tonge. Alikula kama mtu aliyepewa amri, na mtaa ukapumua.

Siku moja alitoka chumbani, akanawa, akala akamaliza. Kisha akaisogeza sahani mbele ya Mama. "Niongeze."

Baba hakuwa mtu wa kuongezwa chakula. Ulafi aliuona aibu, na sisi alituchapa kwa ajili hiyo. Mama alimtazama kidogo, akamwongeza. Akaula ugali wote, jasho likimtiririka, akapanda baiskeli akaenda. Mama akatoka na sahani, Mama Nyamburi huyo hapo mlangoni.

"Amekula," Mama akamwambia. "Leo mpaka ameongezwa."

"Mungu mkubwa!" Mama Nyamburi akaenda zake anaimba. Mama akakaa chini karibu na jiko, akanishika goti. Niliogopa sana. Nilielewa kwamba Hamisi amekufa na kwamba hakuna atakayetuambia.

Tukaishi hivyo. Mama alipika, alitaniana na majirani, alimpa Mama Nyamburi chumvi. Baba alikula. Hadi vita vilipokwisha, lori likamshusha Hamisi barabarani, amekonda, miguu imeliwa na fangasi, na kijana wa Mama Nyamburi nyuma yake akiwa na mzigo kichwani. Kumbe ile stesheni ilitangaza kwamba kikosi chao chote kimezikwa. Uongo mtupu, na Baba hakuwa na namna ya kujua.

Mama akamwambia, "Kumbe tulikuwa tunafichana kitu kimoja." Baba alicheka mpaka akalia. Ndiyo mara pekee nilimwona akilia.

Hamisi alilima pamba upande wa Bunda, akazeekea Kabasa. Mwaka jana nilikuwa harusini Butiama, nimevaa sare, soda mkononi, simu ikatetemeka. Kijana wetu mmoja aliye Dodoma alikuwa amerusha kwenye grupu la ukoo picha ya Hamisi, kitanda cha hospitali, shuka mpaka kidevuni, na vile vikatuni vinavyolia. Chini yake watu walishaandika pole, mmoja baada ya mwingine, kabla yangu mimi dada yake.

Watoto hawa hawana ubaya, wana haraka tu. Lakini wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kifo cha uongo cha kaka yangu, wazazi wangu walikibeba miezi na miezi, kila mmoja peke yake, ili wengine tulale. Kile cha kweli kilinifikia nimesimama kwenye muziki, na hakuna aliyekuwa amekibeba hata kidogo.