Samansi ya Oldeani

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa tarishi wa mahakama Karatu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka samansi kwa wadaiwa. Nilikwisha kuzoea kutukanwa na kufunguliwa mbwa, lakini sikuwahi kuogopa mpaka siku nilipotumwa Oldeani.

Mdai alikuwa mama mmoja wa Singida. Mumewe, kibarua wa shamba la kahawa, aligongwa na gari la ofisa wa ubalozi wa nje akitembea kandoni mwa barabara, akafa palepale. Ofisa huyo alikuwa amepanga nyumba ya zamani ya mlowezi, juu kabisa, jirani na msitu wa Ngorongoro.

Nilipanda kilima cha Oldeani adhuhuri nikisukuma baiskeli. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona gurudumu la mbele. Njia ilikuwa mawe na matope, ila baiskeli ilikwenda kwa wepesi ambao sikuuelewa, kana kwamba kuna mtu anaisukuma kwa nyuma.

Ofisa alifungua mlango mwenyewe.

"Karibu, ndugu," alisema kwa Kiswahili cha kujifunza darasani. Akatazama nyuma ya bega langu. "Na mwenzako aingie. Nje kuna baridi."

"Niko peke yangu, bwana."

Alichukua samansi, akaisoma yote, akanirudishia.

"Mimi ni mwanadiplomasia, nina kinga," alisema. "Mahakama yenu haiwezi kuniita. Samahani."

Alizungumza nami, lakini macho yake hayakutoka pale nyuma yangu. Mlango ulipofungwa nikasikia ufunguo, kisha komeo, kisha kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Niliteremka bila kugeuka.

"Alilosema ni kweli," hakimu aliniambia. "Mjumbe wa nchi nyingine hashitakiwi hapa mpaka nchi yake iridhie. Tutaandika wizarani."

"Hata kama ameua mtu, mheshimiwa?"

"Hata kama."

Ikawa ni juu yangu kumweleza yule mama. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi nje ya mahakama, khanga ameivuta hadi kidevuni. Nilipofika kwenye maneno ya ofisa kuhusu mwenzangu asiyekuwepo, akaniinamia.

"Alimkaribisha ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Nawe ukasemaje, kaka?"

"Nilisema niko peke yangu."

"Ungemwacha aingie," alisema taratibu.

Jibu la wizara lilikuja mvua zilipokwisha: kinga haikuondolewa, na ofisa alikwishahamishiwa nchi nyingine. Mlinzi wa nyumba ile alinisimulia kwamba wiki zake za mwisho bwana alilala na taa zote zikiwaka, na kila asubuhi alimtuma getini kuuliza yule mtu aliyesimama pale anataka nini. Mlinzi alikwenda, akakuta ukungu tu.

Mama alimsikiliza hakimu mpaka mwisho, akasema ameelewa, akaomba nafasi ya kurudi kwao kwenye lori la vitunguu lililotoka Mang'ola. Mimi niliendelea na kazi miaka mingi, ila samansi za Oldeani niliomba azipeleke mwingine.